Mshairi wa Ireland na Koo la Kaka

Mimi nakaanga chapati Nangurukuru, pale mabasi yanaposimama. Kaka yangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Tumenyonya ziwa moja, lakini kilichotushikamanisha hasa ni mshairi mmoja wa Ireland, marehemu wa zamani. Watu walitucheka. Wacheke!

Kila Jumamosi kaka alikuja kwa bodaboda kutoka Miteja, akavuta kigoda karibu na jiko langu. Beti za yule mzungu wa watu tulizigeuza Kiswahili wenyewe, kwa ugomvi mtupu, maana kila neno tuligombania. Na huku kwetu shairi halisomwi kimya kama gazeti, linaghaniwa. Basi kaka akazitafutia mahadhi yake mwenyewe, yaliyokaribia kasida za madrasa, akawa anaghani huku mimi nasukuma chapati. Kuna abiria walidhani ni maulidi, wakaitikia.

Nilimtania: "Mwanamume gani huyu mshairi wako, anamlilia mwanamke mmoja mpaka anaota mvi?"

"Ndiyo maana namwamini," alinijibu.

Mwaka juzi sauti yake ikaanza kukwaruza. Tukasingizia vumbi. Dar es Salaam daktari akasema ni saratani ya koo, na kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote. Kabla ya upasuaji nilimsihi: "Kaka, ghani nikurekodi kwenye simu, hata ubeti mmoja tu."

Akanikunjia uso. "Unanizika mapema, mdogo wangu?"

Hakughani. Nilikasirika, na hasira ile mpaka leo sijui niipeleke kwa nani.

Alirudi yu hai, anapumulia tundu la shingoni. Watu wakaniambia nishukuru, angalau yupo. Angalau! Nilipokwenda kumwona Miteja, alinyoosha mkono, akanigusa mdomo, akazungusha kidole hewani. Alitaka nighani mimi.

Sauti yangu ni ya kuitia wateja. Nikaanza hivyo hivyo. Mstari wa pili mahadhi yakanipotea. Akagonga ubavu wa kitanda, akanirudisha mwanzo. Nikakosea. Akanirudisha tena. Yote anayajua, yamemjaa kifuani, na hana pa kuyatolea. Nikajaribu huku nalia, nikajikuta nimeingia kwenye wimbo wa harusini.

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, polepole, bila hasira. Tukakaa hivyo mpaka wifi alipoleta uji. Tangu siku ile sijaghani tena, wala yeye hajaniomba.