Uchafu wa Brashi

Harufu ya thina ya rangi hadi leo inanipandisha hasira. Tulipokuwa Doha, baba, dereva wa basi la kampuni, kila Ijumaa alishinda ameinamia vibehewa vya plastiki, mfano wa treni za mafuta za Kijapani, akivipaka kutu na michirizi ya mafuta ili vifanane na vya kweli.

Siku moja alirudi kutoka msikitini akakuta mama amevisugua vyote kwa sabuni. Vilikuwa vinang'aa kwenye sinia.

"Umeniharibia kazi."

"Kazi?" mama alisema. "Mimi wiki nzima nafuta uchafu wa watu hotelini, wewe unakaa hapa unaupaka kwa brashi?"

Baba akalitupa sinia zima ukutani. Mama aliangalia vipande sakafuni, kisha akanipa mimi ufagio.