Mke Wangu Hupiga Mto Mateke

Huu ni mwaka wa kumi na tisa mke wangu anapiga mto mateke, na mshahara analipwa. Idara ya maji humtuma kuhesabu wadudu wa chini ya mto, ili ijulikane kama maji ni mazima: anatega wavu kule maji yanakoelekea, anavuruga mawe kwa buti, wadudu wanasombwa na kunaswa. Masinia yetu meupe ya wali yote yalishahamia maabara, kuchambulia wadudu.

Juzi bosi mpya alimfuata mtoni. Akachagua sehemu iliyotulia, maana hapo kusimama ni rahisi, akaambulia tope na minyoo myekundu mitatu.

"Mama, mto huu umekufa," akasema, kalamu mkononi.

"Mwanangu, umebisha hodi mlango mmoja tu, unasema mtaa mzima hauna watu?" mke wangu akamjibu. "Hapa maji yamelala, tope limeziba nafasi chini ya mawe. Wanaotaka hewa wamehamia kule yanakokimbia."

Bosi akaenda kule, na viatu vyake vya ofisini. Hatua ya pili akateleza, akakaa kitako mtoni. Mke wangu hakukimbilia kumwinua; alikimbilia kutega wavu. Ukatoka umejaa wadudu bapa wa kung'ang'ania mawe, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga. Bosi akawahesabu mwenyewe, suruali ikichuruzika, huku akicheka.

Jioni nilionyeshwa nakala ya fomu. Kwenye "njia ya kukusanya", ambapo miaka yote huandika "mateke", safari hii ameandika "makalio ya bosi". Chini yake, bosi ametia sahihi.