Mbwa Kipofu Aliyejua Chiluba Tu

Jirani yangu wa mtaa wa Kapata, mama mmoja wa Kasai, alinijia asubuhi akimvuta mbwa wake kwa kamba. Watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa Kolwezi, na yeye alikuwa amepewa siku mbili atoke nyumbani kwake.

"Dada, mu train bantu banajaa. Imbwa hataingia. Unichungie yeye. Unajua, haonaka."

Nikakubali haraka, kabla mume wangu hajaamka. Mgodi ulikuwa unakufa, karakana yake imefungwa, naye alikuwa anashinda nyumbani akihesabu vinywa. Tayari alikuwa amenivumilia na paka wa miguu mitatu niliyemwokota kule Musonoi.

"Sasa na kipofu?" aliuliza alipomwona. "Kesho utaniletea kiziwi?"

Shida haikuwa upofu. Mbwa anayeona husoma mkono wako. Yule alikuwa na masikio tu, na masikio yake yalijua Chiluba, lugha ya watu wa Kasai, peke yake. Nikimwita kwa Kiswahili, alikwenda kugonga ukuta. Nikisema "Luaku," yaani njoo, kama jirani alivyozoea kumwambia, alikuja moja kwa moja. Lakini siku zile neno moja la Chiluba lingetosha kuvunjiwa mlango. Basi nikawa nainama na kumnong'oneza sikioni, kama mtu anayeungama dhambi kwa padri.

Nyumba ya jirani ilichukuliwa na mkubwa wa vijana wa mtaa wetu, waliokuwa wakipita mlango kwa mlango kufukuza watu. Mbwa hakujua habari hiyo. Kila siku alipapasa njia mpaka pale, akalala kizingitini pake. Mchana mmoja yule bwana akatoka na kumkanyaga mkia. Mbwa akakimbilia barabarani, na lori la mgodi wa Mashamba lilikuwa linakuja kasi. Nikasahau kila kitu.

"Luaku! Luaku!"

Mbwa akageuka, akarudi. Lori likapita. Wanawake waliokuwa bombani wakageuka kunitazama.

Yule bwana akaja mbele yangu. "Mama, unasema nini pale?"

"Mi naita imbwa, tata."

"Ile ni Chiluba!"

"Apana. Ni jina yake. Anaitwa Luaku."

Nyuma ya mlango mume wangu akakohoa kama aliyemeza mfupa. Yule bwana akanitazama, akamtazama mbwa, kisha akajaribu mwenyewe: "Luaku!" Mbwa akamwendea na kumtia pua mkononi. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile kwa kutiiwa.

Tangu siku hiyo, kila jioni alisimama mlangoni na kuita kwa ile sauti yake ya mikutano: "Luaku! Luaku!" Wanawake bombani walificha nyuso ndani ya vitenge. Mimi, shetani akinisukuma, nikamwambia kwamba mbwa ana jina la pili, la kumtuliza: Shikama. Kwa Chiluba ni kusema keti. Akaliimba hilo nalo.

Yule jirani yangu, mwenye mbwa, alikuwa bado kwenye gare, wiki ya tatu, chini ya kipande cha plastiki, akingoja treni. Nikampelekea ugali na habari hiyo. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Anasemaka muzuri?"

"Anaharibu. Lakini imbwa anamusikia."

Akafuta macho, na sikujua kama bado ni kicheko. Siku mbili baadaye treni ilikuja, akaenda.

Haikuchukua muda wenzake yule bwana wakamsikia. Wakamwita, wakamhoji kutwa nzima: tangu lini yeye ni Mkasai? Kesho yake alikuja kwangu, uso umevimba kwa hasira.

"Mama, ulinidanganya."

"Ndiyo, tata."

  Kisha akafungua koti. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa, miguu yote minne imeungua kwa maji ya asidi ya huko kwenye mashimo ya mgodi.

"Na hii," akasema polepole, "nani ataichunga?"

Mume wangu alikuwa ameshatoka na beseni la maji, bila kutumwa na mtu. Tulipoanza kumwosha, yule mtoto alimuuma bwana mkubwa kidole mpaka damu. Nikamfunga kidole kwa kitambaa cha jikoni, naye akabaki kwenye kiti chetu, akimshikilia yule mtoto wa mbwa kwa mkono uliobaki.