Namba Saba ya Sumo wa Mwezini

Noboru Hikida wa mjini Sakai alikuwa na maboksi mia mbili na kumi na moja ya gemu moja, na gemu hiyo hakuwahi kuicheza hata siku moja.

Iliitwa Sumo wa Mwezini. Ilitoka Hikida akiwa darasa la sita, kaseti ya plastiki ndani ya boksi la karatasi ngumu, na juu yake picha ya mwanasumo kasimama mwezini amevaa mkanda mwekundu. Watoto wa wakati ule waliicheza dakika kumi wakaitupa kando. Kampuni iliyoitengeneza ilikufa mwaka uliofuata, na sijasikia aliyeilia. Ila kabla ya kufa ilichapisha maboksi yake kwenye viwanda vitatu vya uchochoroni, kila kimoja na wino wake na uzembe wake. Uzembe huo ndio uliokuja kuwapa shughuli watu wazima wenye akili zao.

Watu hao walikuwa na chama. Walikuwa watano, wanaume watupu, na walikutana Jumapili ya pili ya kila mwezi kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja wa Nipponbashi, Osaka. Walivaa glovu nyeupe. Mwenyekiti wao, Bwana Kuramochi, meneja mstaafu wa benki, alikuwa ameandika orodha ya matoleo saba. Namba moja, mwezi una mashimo manne. Namba mbili, mashimo matano. Namba tatu, mwanasumo ana kitovu. Ikaendelea hivyo mpaka namba saba, lulu ya orodha, ambayo mkanda wa mwanasumo si mwekundu bali wa waridi. Bwana Kuramochi ndiye aliyeigundua, na alieleza kwamba kiwanda cha tatu kiliishiwa wino mwekundu wiki yake ya mwisho. Alijuaje, hakuna aliyemwuliza. Mtu aliyekuwa meneja wa benki haulizwi maswali ya namna hiyo.

Wote walikuwa na namba saba isipokuwa Hikida. Kwa sababu hiyo alikaa karibu na mlango, na ndiye aliyetumwa kuagiza kahawa.

Nyumbani, maboksi yalikaa katika chumba cha kusini, chumba pekee chenye kibaraza cha jua, na pazia zito lilikuwa limefungwa miaka kumi na tisa. Mkewe, Kazue, hakuwa na pa kuanika magodoro. Kila siku ya jua aliyabeba ghorofa mbili chini, akayatandaza kwenye kibaraza cha Bi Oda, na kila mara alimpelekea machungwa ya shukrani. Kwa miaka kumi na tisa Bi Oda alikuwa amekula machungwa mpaka kuyachukia, lakini alipokea kwa mikono miwili.

"Nikipata namba saba mkusanyiko umetimia," Hikida alikuwa amemwahidi. "Maboksi yanaingia kabatini, na pazia unalifungua wewe mwenyewe."

Kazue hakuisahau ahadi ile. Kuna miezi alikuwa akiitafuta namba saba kwa bidii kuliko mumewe.

Mwezi wa tano mwaka ule Hikida aliipata. Ilikuwa kwenye duka la vifaa vya shule huko Wakayama, katika kidirisha cha mbele kilichotazama barabara, na kibandiko cha bei kikiwa bado pembeni mwa mkanda wa mwanasumo. Bibi mwenye duka alimtoza bei ileile ya kwenye kibandiko, akamwongezea penseli bure. Hikida alirudi na treni ameipakata namba saba kama mgonjwa.

Jumamosi, kabla ya mkutano, Kazue alimkuta analifunga boksi kwenye kitambaa chake cha hariri, kile cha kufungia zawadi.

"Baba Natsumi, hicho kitambaa nakitoa kwenye harusi tu. Unampelekea nani?"

"Mwenyekiti."

"Ndiyo namba saba yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

"Na unampelekea yeye?"

"Lazima nimpelekee. Bila yeye haihesabiki."

Kazue alitikisa kichwa. Moyoni alisema, kumbe ndiyo maana wanaume hawa hawamalizi, wakipata wanapeana. Lakini aliyekulia kwa mama yake hakubali zawadi itoke nyumbani kwake na bei juu. Hikida alipoingia kuoga, na kwa kawaida alikaa ndani ya maji mpaka vidole vikakunjamana, Kazue alikifungua kitambaa na kukipuliza kibandiko kwa mashine ya kukaushia nywele. Alikibandua taratibu bila kuichana karatasi, kisha akafunga tena fundo zuri kuliko la mumewe.

Jumapili Hikida alilifungua fundo lile mbele ya wenzake. Mwanasumo alikuwa amesimama mwezini na mkanda wake wa waridi. Upande wa kushoto wa mkanda, palipokuwa na kibandiko, palikuwa na mraba mmoja mwekundu, mwekundu wa kukoza, kama ulivyotoka kiwandani.

Hakuhitaji kupiga simu nyumbani kuuliza. Alijua mkono wa nani umepita pale, na alijua pia maana ya mraba ule, maana si mjinga, alikuwa amejizoeza ujinga tu. Wino haukuwa umeisha popote. Jua la dirishani lilikuwa limeupauza.

Daktari Nezu, mganga wa meno, aliinama na kioo chake cha kukuzia. "Huu mraba..." alianza, akakirudisha kioo mfukoni.

Mezani, juu ya kitambaa cheusi, ilikuwepo namba saba ya Mwenyekiti, na kibandiko chake kikiwa mahali pake juu ya mkanda. Kanuni ya chama ilikataza kubandua vibandiko, kwa kuwa kibandiko ni cheti cha kuzaliwa cha boksi. Macho ya watu watano yalikitazama cheti hicho. Kucha moja tu ingemaliza mjadala wa miaka ishirini. Hakuna aliyevua glovu.

"Mabwana," Mwenyekiti alisema baada ya kunywa maji yote ya kwenye glasi, "nadhani tumeletewa toleo jipya."

"Jipya kabisa," Daktari Nezu akadakia.

"Waridi lenye mraba mwekundu. Namba nane. Bwana Hikida, hongera. Ni la pekee duniani."

Walimpigia makofi ya glovu, ambayo hayasikiki. Kisha Mwenyekiti akaandika kwenye orodha kwa kalamu yake nzuri, na akafafanua, ili kusiwe na utata, kwamba boksi lenye mraba si namba saba na haliwezi kuhesabiwa kuwa namba saba. Hikida alishukuru, akainama, akaenda kuagiza kahawa.

Alifika nyumbani jioni jua likiwa bado halijazama. Kazue alikuwa mlangoni mwa chumba cha kusini na fimbo ya kupigia magodoro mkononi. Hikida alimsimulia yote, hata makofi, kwa sababu alikuwa amechoka na hakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Kwa hiyo namba nane unayo," Kazue alisema.

"Ninayo."

"Namba saba huna."

"Sina." Aliona aibu, na aibu hiyo haikuwa ya chama.

"Na ya waridi inapatikana kwa kukaa juani."

Kazue alipita katikati ya rafu na kuchukua boksi moja la namba tatu, ambayo mumewe alikuwa nayo maboksi arobaini. Alilikagua mbele na nyuma.

"Hili lina kibandiko chake," alisema. "Safari hii sikigusi."

Kisha akalishika pazia kwa mikono miwili na kulivuta mpaka mwisho. Vumbi la miaka kumi na tisa liliwaangukia wote wawili. Aliliweka boksi kwenye kizingiti cha dirisha, akatoka kibarazani akiburuta godoro la kwanza.

"Mwezi wa tisa itakuwa imeiva," alisema bila kugeuka. "Kamwambie Bi Oda machungwa yamekwisha."

Hikida alisimama akikodoa macho kwenye mwanga. Baadaye alivaa glovu zake, akaenda dirishani, akaligeuza boksi kidogo lielekee jua sawasawa, lisije likapauka upande mmoja.