Alama Nyuma ya Shavu la Sato

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nikifika getini naanza kuona kizunguzungu, na anatia chumvi kidogo tu. Kwa hiyo nilipochimba bwawa la sato nyuma ya nyumba yetu hapa Usagara, hakuna aliyeshangaa. Nilitaka samaki wanifuate mimi.

Shida ilikuwa chakula chao. Wafugaji wenzangu walichanganya pumba na dagaa waliosagwa, na dagaa wako soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kwenye makelele na kusukumana. Mwenye duka la pembejeo hapa njia panda ndiye aliyeniokoa. Aliniuzia unga mweupe wa amino asidi.

"Hivi ndivyo vijenzi vya nyama," alisema. "Mashudu ya pamba yanavyo, ila vingine ni pungufu. Unga huu unajaziliza. Samaki anajenga mnofu bila dagaa."

Habari za mnofu zilinipita. Nilichosikia ni "bila dagaa".

Miezi saba nilikanda mashudu, pumba na ule unga, nikafinyanga vidonge, nikavianika, nikawalisha sato wangu nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Mke wangu alinitazama tu. Yeye pale alitaka apande matembele. Mwishowe tukakubaliana mama yake aamue, maana ameuza samaki Mwaloni tangu mimi sijajua kutambaa. Akiwakubali samaki wangu, bwawa linabaki. Akiwakataa, shimo linafukiwa.

Asubuhi ya ugeni nilichota mmoja kwa ndoo. Kiganja changu kilimfunika karibu mzima. Nikampigia dereva wa bodaboda, akaniletea sato wawili wa ziwani, mikia inaning'inia nje ya beseni. Nikamwambia mke wangu nimewatoa bwawani sasa hivi. Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Mama mkwe akafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba," akajibu akitazama ukuta, nami nikitazama viatu vyangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaziani macho, wala hawali pamoja. Mimi nikabaki sebuleni, yeye akapitiliza jikoni kupara samaki mwenyewe. Kati yetu pazia.

Nilisikia kisu kikikwangua magamba, halafu kikanyamaza.

"Mwanangu, muulize mumeo. Bwawani anavua kwa wavu?"

Mke wangu akachungulia. "Mama anauliza kama unavua kwa wavu."

"Mwambie hapana. Bwawa lenyewe dogo, nachota kwa ndoo."

"Anasema anachota kwa ndoo."

"Basi muulize hiyo ndoo imefumwa kwa uzi gani, maana huyu ana alama nyuma ya shavu."

Nilikuwa nimesahau. Sato wa ziwani akinasa wavuni, uzi humchora mstari shingoni, na mama mkwe ameisoma mistari hiyo maisha yake yote.

"Mwambie alete wa kwake."

Nikaenda na ndoo, nikarudi na watatu, nikawapitisha chini ya pazia kama mshtakiwa anayetoa kielelezo. Nilijua anawabonyeza kwa kidole gumba, ndivyo anavyopima. Nikaanza kuyaona matembele yamestawi.

"Mwambie mumeo ni wafupi kwa sababu kawaacha wamezaana, wamejazana, hawana pa kurefukia. Lakini mgongo umejaa. Nimebonyeza, nyama imerudi juu. Huo unga wake si uongo. Shimo lisifukiwe."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nishangilie.

"Ila awapunguze. Kila Jumamosi aniletee hao wafupi pale mezani kwangu Mwaloni, niwauze. Aje mwenyewe, asitume bodaboda."

Kichwa cha mke wangu kikatokeza kwenye pazia. "Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Kirumba unapajua, au nikuchoree ramani?"