Mashindano ya Ufukara

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia nilivipigana mwaka mzima, kila Alhamisi saa nane mchana, kwenye baraza ya zahanati ya kijijini kwetu, ingawa vilikwisha kabla mama yangu hajajua kutambaa. Silaha yangu ilikuwa Kiingereza cha chuo cha ualimu. Nilikuwa nimerudi kufundisha shule ileile ya msingi iliyonifundisha, na kwa kuwa kijijini hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuzungumza na Bibi Mzungu bila kutumia vidole, nikafanywa mkalimani. Ujira wangu ulikuwa biskuti mbili na chai ya majani yaliyokwisha kuchemshwa mara moja.

Bibi Mzungu alikuwa muuguzi mstaafu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, aliyetumwa na kanisa la kwao kuja kuwafundisha akina mama maendeleo. Alikuja kwa wema. Hilo nalisema mapema kwa sababu nitamsema sana. Alikulia shamba huko Uingereza wakati wa vita, na vita vile vilimfundisha jambo moja ambalo amani ya miaka yote iliyofuata haikuweza kulifuta: kwamba kitu hakitupwi. Bahasha za dawa alizinyoosha kwa kiganja akazitumia tena. Kipande cha sabuni kikibaki kidogo kama ukucha, alikikandamiza kwenye mche mpya.

Bahati mbaya alitufikia wakati mambo yamekuwa ruksa. Miaka michache tu nyuma tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na ikikosekana tunafulia majani ya mpapai. Sukari ilikuwa habari ya kusikia. Sasa mnada wa mwezi ulikuwa umefurika ndoo za plastiki za kila rangi, chupa za chai zenye maua, redio kaseti, magodoro, na marundo ya mitumba ambayo, kama tulivyoambiwa, yalitoka kwa akina Bibi Mzungu wenyewe. Yaani walitutumia nguo, kisha wakamtuma mtu wa kutufundisha kutia viraka. Hakuna aliyemuuliza, kwa adabu.

Basi kila Alhamisi tulikwenda Uingereza. Nilitafsiri habari za kitabu cha mgao, ambacho kila mtu alikuwa nacho hata mtoto mchanga. Nilitafsiri uwanja wa mpira uliolimwa ukapandwa viazi, watoto wa mjini walioletwa kijijini kwao na treni wakiwa na majina yao yamefungwa kwenye makoti, na sweta kuukuu zilizofumuliwa ili zifumwe soksi za askari. Nilitafsiri karoti. Karoti ilikuwa sukari, karoti ilikuwa keki, karoti ilikuwa dawa ya macho. Akina mama walisikiliza kwa utulivu wa watu waliokwisha kula mizizi ya porini mwaka wa ukame, wasione sababu ya kujivunia.

"Usiku," nilitafsiri, "waliziba madirisha kwa vitambaa vyeusi, ili ndege za adui zisione taa."

"Sisi mafuta ya taa yalipoadimika tulikaa gizani miaka miwili," akasema mama mmoja, "wala ndege hazikupita."

Nikamwambia Bibi Mzungu kwamba wamevutiwa sana.

Mambo yaliharibika alipofika kwenye unga wa mayai. Alieleza kwamba mayai yalipokuwa haba, waliletewa unga kwenye kopo, wakaukoroga kwa maji, ukawa yai. Hapa ni Singida. Mtu anaweza kukosa shuka lakini kuku anao, na kuku wetu ndio waliokuwa wakipakiwa kwenye matenga kwenda kulisha mji mkuu.

"Muulize," akasema yule mama wa mafuta ya taa, "kuku wao nao walikwenda vitani?"

Siku hiyohiyo mzee mmoja aliyefuata dawa ya kikohozi, na ambaye ujanani alipigana Bama, huko Asia, katika jeshi la mfalme wa Waingereza, akaomba nafasi. Alisimama kwa mkongojo wake, akasalimia, akasema wakati ule serikali ilichukua madume manne ya ng'ombe wa baba yake, ikisema ni nyama ya vita. Aliomba tu kujua kama yalifika. Nilitafsiri. Bibi Mzungu akasema kwa masikitiko kwamba kijijini kwao nyama ilikuwa kipande cha kiganja kwa wiki nzima.

"Basi ni nani aliyeyala?" akauliza mzee. Aliwatazama akina mama mmoja mmoja, kana kwamba huenda ni sisi, kisha akaingia ndani kuchukua dawa yake.

Mama yangu hakucheka na wengine. Yeye katika habari zote zile alikuwa na jicho kwenye kitu kimoja tu: cherehani ya mkono iliyokaa juu ya meza ya Bibi Mzungu. Mama alikuwa fundi. Alijifunza kushona akiwa msichana, akaolewa akiwa na cherehani yake, na mwaka wa ukame baba akaiuza kwa magunia mawili ya mahindi. Tukaila hadi mvua ziliporudi. Baba alifariki, na mama akaendelea kushona kwa mkono: sare za shule, mashuka, hata sanda ya baba mwenyewe. Sasa macho yalikuwa yameanza kumtupa. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja na asubuhi havikufunguka mpaka avikande kwa maji ya moto. Hakuwahi kusema anaitaka ile mashine. Ila kila Alhamisi, watu wakitawanyika, aliifuta vumbi kwa ncha ya kanga yake.

Ndipo Bibi Mzungu akatangaza kwamba baada ya mavuno anarudi kwao, na cherehani atamwachia mama mmoja: yule anayejua kubana matumizi kuliko wote. Akachagua watano waliokuwa hawajakosa somo, mama yangu akiwa mmojawao. Atawatembelea wote kwa siku moja, atatazama jiko na ghala, na atakula kile kinacholiwa nyumba hiyo siku zote, si zaidi.

Sijawahi kuona kijiji kikihangaika vile. Sisi ni maskini, na tulikuwa maskini siku ile pia, lakini si kwa kiwango cha kushinda. Watu waliotoka kununua godoro wakalificha. Chupa za chai zilifukiwa kwenye vihenge vya nafaka. Mama mmoja mwenye mume dereva aliazima chungu kilichopasuka, akaniuliza kama kinatosha au akipasue zaidi. Redio zikahamishwa kwa njia ya nyuma, kutoka nyumba ya mbele kwenda ile Bibi Mzungu aliyokwisha kuipita, na mbwa wakawa wanabweka upande usio na mgeni.

Nyumba yetu ilikuwa ya tano. Nami sikuwa nyuma. Usimamizi wote niliuchukua mimi: nikaficha redio yangu chini ya kitanda, nikaficha glasi mbili na kitambaa cha meza, nikamchagulia mama kanga yenye viraka vingi. Nikapanga na chakula: ugali wa uwele na mlenda, tena mlenda usiotiwa karanga.

"Bila karanga?" akauliza mama.

"Ni vita, mama."

"Haya, Mwalimu," akasema, kwa sauti ile anayoitumia akiona nimekuwa mjinga lakini mshahara ni wangu.

Bibi Mzungu alifika nami saa tisa alasiri, jua likiwa kali. Miguu ilikuwa imemvimba hadi kamba za viatu zimezama. Mama akampokea mkoba, akasema, "Shikamoo mama," akaitikiwa "Marahaba" kwa lafudhi yake ile, akamketisha kivulini. Kisha akanivuta pembeni.

"Ametoka wapi huyu?"

"Kwa wenzako wanne."

"Wamempa nini?"

"Uji. Na mlenda."

"Wote?"

"Wote, mama. Ndiyo mashindano."

Mama alisema neno la Kinyiramba ambalo sitalitafsiri, akazunguka nyuma ya nyumba. Nikamsikia anamwita jirani aje na kisu. Nikasikia mbio, nikasikia mabawa, nikasikia kimya. Nilichungulia. Alikuwa yule jike wa madoadoa, ambaye hakupitisha siku mbili bila kutaga, na ambaye vifaranga vyake vilikuwa nusu ya uwanja wetu.

Bibi Mzungu akauliza ile ilikuwa sauti ya nini. Hapo ndipo akili yangu ya chuo ilipofanya kazi. Nikamwambia ni kuku mzee aliyeacha kutaga. Nikamwambia sisi huku kuku asiyetaga hatumlishi bure, na kwamba kumla ndiko kubana matumizi kwenyewe. Alitabasamu, akatoa daftari, akaandika. Nikajipongeza kimoyomoyo. Nikaona tumewapita wale wanne kwa mbali.

Kilichofuata nilikitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. Mama alitoka na kitambaa cha meza. Akatoa glasi. Akaenda kwa jirani, akarudi na mchele na mafuta ya alizeti. Akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu. Nilimkonyeza, nikakohoa, nikamkanyaga mguu. Akaniambia nilete maji ya kunawa.

Chakula kikaja. Mama alimpakulia mgeni mwenyewe: wali, paja, na firigisi juu yake, kwa heshima. Kisha akazamisha upawa chini kabisa ya chungu, akainua kwa uangalifu mkubwa kile alichomwekea yeye peke yake: mayai ya tumboni. Yalikuwa yamefuatana kwa ukubwa kama familia iliyopangwa kupigwa picha, kuanzia kama punje ya mtama hadi kubwa la mbele, lililokwisha kupata ganda, la kutagwa kesho asubuhi. Akayamimina yote kwenye bakuli la Bibi Mzungu.

Bibi Mzungu akatazama bakuli. Kisha akanitazama mimi. Mtu aliyekulia na kuku wakati wa vita hahitaji mkalimani kwa jambo kama hilo. Nikajifanya nafukuza nzi.

"Kwetu," akasema taratibu, "kuku anayetaga hakuchinjwa kwa ajili ya mtu yeyote. Kaka yangu aliporudi kutoka vitani, mama alimpa supu ya karoti."

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema kinanukia vizuri."

Bibi Mzungu akashika kijiko. Alianza na lile lenye ganda, akalimenya kwa kucha, akala. Akayala yote, hadi yale ya punje. Akala firigisi, akala paja, akafyonza mifupa, na alipomaliza akasogeza bakuli mbele bila kuambiwa, na mama akaongeza. Sijamwona mtu mzima akila vile tena. Wakati wa kuondoka aliishika mikono ya mama yote miwili, akaviangalia vile vidole vilivyojikunja muda mrefu. Akasema, "Asante sana, mama," kwa Kiswahili chake mwenyewe. Daftari hakulifungua.

Nikaanza kuwa na matumaini. Kwa kweli nilikuwa nayo mengi. Nilijiambia ameguswa, nilijiambia hakuna binadamu atakayekula vile kisha akanyima.

Alhamisi iliyofuata akasimama barazani, akasema kanuni ni kanuni, hata kama moyo unataka vingine. Aliyasema hayo bila kutazama upande wetu, na nikayatafsiri kwa sauti iliyonyooka kwa sababu ndiyo kazi yangu. Cherehani ikaenda nyumba ya pili, ambako uji ulikuwa mwepesi kuliko kote. Mshindi hakujua hata kutunga uzi. Kabla mwezi haujaisha mashine ilikwenda mnadani, likarudi godoro. Lakini siku ile ya kutangazwa, mama alipiga vigelegele, vya kweli kabisa, akambeba mwenzake mgongoni nusu ya uwanja.

Tulirudi nyumbani mimi na yeye kwa njia ya mashamba ya alizeti. Nilikuwa na hasira ya kulia.

"Ungempa mlenda tu, mama. Siku moja."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba kuku akichinjwa, cherehani imekwenda. Unadhani mimi mtoto?" Alikuwa akitembea bila haraka. "Mtu mzima vile, miguu imemvimba, amepita nyumba nne anameza maji. Ya tano iwe yangu?"

"Lakini mimi nilihangaika kukuokoa!" nikasema. "Mpaka nikamwambia kuku ameacha kutaga."

Mama akasimama.

"Ulimwambia nini?"

Nikarudia, sasa kwa sauti ndogo.

"Ulimwambia mgeni wangu kwamba nimemchinjia kuku asiyefaa kitu?"

Uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Haukuwa hivyo barazani cherehani ilipobebwa, wala siku baba alipoifunga ya kwanza kwenye baiskeli akaondoka nayo. Niliona nimemtia aibu ambayo umaskini wote ule haukuwahi kumtia, tena kwa lugha asiyoweza kujitetea nayo.

"Hakuniamini, mama," nikasema upesi. "Wallahi hakuniamini. Aliyaona mayai kwenye bakuli."

"Aliyaona?"

"Aliyaona yote. Akanitazama."

"Na lile lenye ganda?"

"Hilo ndilo aliloanza nalo."

Mama akavuta pumzi, akazitoa polepole.

"Basi anajua," akasema, akajifunga kanga vizuri, akaendelea na safari.