Kiatu Gani Hufuatwa na Nzi?

Asubuhi ndiyo kwanza inachangamka. Fundi viatu ana uzi mdomoni, kiatu cha shule mapajani, na simu ameiegemeza kwenye kopo la gundi. Simu inatetemeka. Anaitupia jicho, anacheka kimoyomoyo, anarudi kwenye sindano yake. Inatetemeka tena.

"Hawa hata chai hawajanywa, tayari wanagombana," anasema.

Hawa ni majirani zake, waliojikusanya kwenye kundi la WhatsApp waliloliita Majirani Wema. Kesi ya leo ni jogoo wa Mama Pacha, anayewika kabla ya wakati. Mzee Kanuni, karani mstaafu ambaye hajawahi kukutana na jambo lisilohitaji sheria, anataka jogoo apewe onyo la maandishi. Mama Pacha amejibu kwamba jogoo wake hajui kusoma.

Humo hujadiliwa taka, mgao wa maji, wapangaji wanaopiga muziki, na zaidi ya yote, magonjwa. Ukiandika kwamba kichwa kinakuuma, kabla hujaweka simu chini umeshashauriwa unywe maji ya moto, usinywe maji ya moto, ulale, na usithubutu kulala. Wote waganga, asiyejua kitu ni mgonjwa peke yake.

Katika kundi hilo, fundi alikuwa akiitwa Daktari. Alijibatiza mwenyewe, kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha kibanda chake: DAKTARI WA VIATU. Majirani wakaudaka utani ule wakaukuza.

"Daktari, mgonjwa wangu anaendeleaje?" mtu angeuliza kundini.

"Nimemshona, ana nafuu. Njoo umchukue jioni," yeye angejibu.

Wakazoea hivyo mpaka neno kiatu likapotea kabisa kwenye mazungumzo yao. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na safari hii usaha ulikuwa wa kweli.

Nyumba ya nne kutoka kibandani alihamia bibi mmoja mgonjwa wa kisukari, akaja kuishi na bintiye. Binti anapiga pasi kwenye duka la dobi, hutoka asubuhi na kurudi jioni. Ili mama yake asife kwa upweke, alimwingiza kundini.

"Nilitaka apate watu wa kucheka nao," anasema binti. "Jioni ananiambia, mwanangu, mtaa huu una bahati, mna daktari asiye na maringo, anajibu kila mtu. Mimi nilikuwa nimechoka, nikaitikia tu. Nilidhani anamsema daktari wa zahanati."

Siku moja bibi akaandika: "Daktari, mguu wangu wa kushoto umepasuka kisiginoni. Nifanyeje?"

Kwa fundi viatu, kila kimoja katika jozi ni mguu. Mteja huleta mguu wa kulia, husahau mguu wa kushoto nyumbani. Hivyo fundi hakujiuliza mara mbili. Akajibu: "Usiuloweshe. Uanike juani ukauke vizuri, keshokutwa niletee niushone."

"Mwingine je?" akauliza Mama Pacha.

"Mwingine mzima, mwanangu. Nashukuru," akajibu bibi.

Mzee Kanuni akamtaka Daktari atumie sindano mpya, kundi zima likacheka. Bibi naye akacheka. Aliona watu wema.

Kesho yake akaandika tena: "Daktari, nimeuanika tangu asubuhi kama ulivyosema. Hauniumi. Ila unatoa harufu, na nzi wamenizidi. Niendelee?"

Mzee Kanuni akawahi kujibu kwamba hiyo ni kesi ya soksi. Fundi alikuwa anacheka, mkewe alipomletea chakula akachungulia simu begani kwake. Mke hakucheka.

"Baba watoto," alimwambia, "kiatu gani hufuatwa na nzi?"

Fundi anasema hakumbuki alivyosimama. Anakumbuka kwamba alikimbia na aproni yake, mkono mmoja umeshika kisu cha kukatia ngozi, na watu wakampisha njia.

Alimkuta bibi mlangoni, amekaa kwenye kigoda, mguu umetulia juu ya ndoo iliyopinduliwa, jua linaupiga. Kidonda kilikuwa kimefunguka kisiginoni. Bibi aliiona aproni, akaufurahia ujio wake.

"Umekuja mwenyewe, daktari."

"Bibi, nisamehe. Mimi ni fundi viatu."

Bibi akaitazama ile mikono yenye gundi na dawa ya viatu, halafu akautazama mguu wake. "Sasa nani atanishona?" akauliza taratibu.

Fundi anapolisimulia hilo, machozi humlengalenga. Mama Pacha alitafuta gari, binti akapigiwa simu, bibi akapelekwa hospitali na kulazwa. Daktari wa hospitali aliwaambia kwamba kisukari kilikuwa kimeua hisia mguuni, ndiyo maana hakusikia maumivu, na kwamba huenda mguu ungekatwa. Siku zote za kungoja jibu, kibanda kilifungwa. Fundi alikuwa akikaa kwenye benchi la hospitali pamoja na binti.

"Nilimchukia," binti anakiri. "Kisha nikamwona haendi nyumbani kula. Nikamkatia nusu ya mkate wangu."

Mguu ulinusurika. Walikata nyama iliyooza, wakaufunga, wakauosha kila siku mpaka kidonda kikaanza kuziba.

Ndipo kundini Mzee Kanuni akaandika kanuni ya kwanza ambayo haikupingwa: anayeuliza habari ya ugonjwa atajibiwa jambo moja tu, nenda zahanati.

"Hata mafua?" Mama Pacha akauliza.

"Hata mafua."

"Na jogoo akiugua?"

Hapo bibi, akiwa bado kitandani hospitalini, akaingilia kati: "Jogoo mpelekeni kwa fundi." Kundi likapumua.

Maandishi mekundu kibaoni yamefutwa. Muuguzi aliyemhudumia bibi alimweleza fundi kwamba mguu usio na hisia hutaka kiatu kipana, laini ndani, kisicho na mshono wa kusugua. Hospitali hiyo ina karakana ndogo inayotengeneza viatu vya aina hiyo. Fundi ameomba kujifunza huko, na wamemkubalia aende siku moja kila wiki. Anataka awashonee wagonjwa wa mtaani kwake wasiofika mbali.

"Nishapata aibu yangu," anasema. "Bora nipate na kazi yake."

Jozi ya kwanza, aliyoishona chini ya uangalizi wa karakana, anaipeleka leo. Bibi amekaa sebuleni, binti ameomba ruhusa kazini. Fundi anapiga magoti, anamvisha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, polepole. Halafu ulimi unateleza kwa mazoea ya miaka yote, anamuuliza swali analomuuliza kila mteja.

"Kinabana, bibi?"

Bibi anamwekea mkono kichwani.

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Niangalizie wewe."

Fundi anamvua kiatu, anauchukua mguu mikononi, anaanza kuukagua kidole kwa kidole.